Changwon, jiji la vipuri

Mwezi Julai 2022 Poland ilitia saini makubaliano ya jumla na Korea Kusini ya kununua vifaru 980 aina ya K2, mizinga 648 ya kujiendesha aina ya K9 na ndege nyepesi za kivita 48 aina ya FA-50. Mwezi uliofuata ikaja mikataba ya utekelezaji wa awamu ya kwanza, yaani vifaru 180 na mizinga 212, na kabla mwaka haujaisha vifaru 10 na mizinga 24 ilikuwa imeshashushwa katika bandari ya Gdynia. Majeshi ya Ulaya yamezoea kusubiri silaha za aina hiyo kwa miaka, kwa hiyo mshangao ulikuwa mkubwa, na watu wakaanza kuuliza Korea imewezaje. Majibu yaliyotolewa mara nyingi yalitaja bei nafuu, tishio la Korea Kaskazini lisiloruhusu mitambo ya uzalishaji izimwe, na ukubwa wa makampuni ya Hanwha na Hyundai. Yote hayo ni kweli, lakini yanaparuka mahali penyewe. Vifaru vile ni kazi ya Hyundai Rotem katika jiji la Changwon, na mizinga ile ni kazi ya Hanwha Aerospace katika jiji hilo hilo, kusini-mashariki mwa nchi, jirani na Busan.

Nimelifuatilia jiji hili kwa muda mrefu kwa sababu linagusa swali ambalo viongozi wengi wa miji huliuliza upande usio wake. Wao huuliza watafanya nini ili wapate kiwanda kikubwa cha silaha. Mimi ningeuliza nani atakayetengeneza gia, bolti, mipira ya kuzibia mafuta, nyaya na chuma cha kiwanda hicho, na nani atakayebeba hasara siku kipuri cha kwanza kitakapovunjika kwenye majaribio. Ushirikiano wa serikali, jeshi, vyuo vikuu, taasisi za utafiti na sekta binafsi husifiwa katika kila hotuba ya ufunguzi. Kwa maoni yangu unapimwa mahali pamoja tu, nako ni kwenye mgawanyo wa hasara hiyo. Changwon imefaulu kwa sehemu na kushindwa kwa sehemu, na kushindwa kwake kunastahili kuangaliwa kwa makini kuliko mafanikio yake.

Historia yake inaanza na hofu. Januari 1968 makomando wa Korea Kaskazini walipenya hadi karibu na ikulu ya Seoul, na siku chache baadaye meli ya upelelezi ya Marekani, Pueblo, ikatekwa. Mwaka 1969 Rais Nixon alitangaza kwamba washirika wa Marekani barani Asia wajitegemee zaidi katika ulinzi wao, na mwaka 1971 Divisheni ya 7 ya jeshi la Marekani ikaondoka Korea Kusini. Nchi hiyo wakati huo ilitegemea msaada hata kwa silaha ndogo za askari wa miguu. Agosti 1970 Rais Park Chung-hee aliunda Wakala wa Maendeleo ya Ulinzi, unaojulikana kwa kifupi kama ADD, na serikali ikapanga kujenga viwanda vinne vikuu, vya chuma cha kalibu, chuma maalumu, mashine nzito na meli, ambavyo vingekuwa msingi wa uzalishaji wa silaha. Mpango huo ulikwama kwa sababu hakuna mkopeshaji wa nje aliyekuwa tayari kuufadhili.

Ndipo alipojitokeza mhandisi aliyekuwa afisa wa wizara ya biashara na viwanda, O Won-chol, aliyeingia ikulu Novemba 1971 kama katibu wa pili wa uchumi. Hoja aliyompa rais ilikuwa nyepesi kuieleza na ngumu kuitekeleza: silaha yoyote, hata iwe tata kiasi gani, ukiifungua inabaki vipuri, na vipuri hivyo vinaweza kugawanywa kwa viwanda vya kiraia, kila kimoja kikitengeneza kile kinachokiweza, mradi usahihi wa vipimo ufikie sehemu moja ya mia ya milimita. Hakukuwa na haja ya kuwa na ghala kubwa la serikali linalozalisha bunduki wakati wa hatari na kukaa bila kazi wakati wa amani. Kilichohitajika ni tasnia ya mashine yenye uwezo wa kutosha, ambayo wakati wa kawaida ingetengeneza bidhaa za raia na sehemu ndogo tu ya nguvu zake ikaenda kwenye silaha. Mwezi huo huo ulianza mradi ulioitwa Radi, ambapo mafundi walipewa wiki chache tu kutengeneza sampuli za silaha nyepesi kwa kunakili zile za Kimarekani. Sampuli za kwanza zilikuwa na kasoro nyingi, lakini zilithibitisha kwamba hoja ya O ilikuwa na miguu.

Januari 1973 Park alitangaza sera ya viwanda vizito na kemikali. Mwaka 1974 bonde la Changwon, lililozungukwa na milima, lililo mbali na mpaka wa kaskazini na karibu na bandari ya Masan, likatengwa kuwa makao ya tasnia ya mashine. Jiji lilichorwa kabla halijajengwa, kwa kuiga mfano wa Canberra: barabara kuu pana iliyonyooka kwa zaidi ya kilomita 10, viwanda upande mmoja, nyumba na ofisi upande wa pili. Mwaka 1983 makao makuu ya mkoa wa Gyeongsang Kusini yalihamishiwa huko kutoka Busan, na Julai 2010 Changwon iliunganishwa na Masan na Jinhae, ambako kuna kambi kuu ya jeshi la majini na chuo cha maofisa wake, kuwa jiji moja.

Ninakaa kwenye hoja ile ya vipuri kwa sababu bado inaonekana kwa macho katika ramani ya eneo la viwanda. Katika eneo moja LG inatengeneza majokofu na mashine za kufulia, Doosan Enerbility inafua vyuma vya vinu vya nyuklia kwa shinikizo la tani 17,000, Hyundai Rotem inaunda treni na vifaru, na Hanwha Aerospace inaunda mizinga pamoja na injini za ndege. Katikati yao zipo karakana ndogo ambazo mteja wake wa Jumatatu ni kiwanda cha magari na mteja wake wa Alhamisi ni kiwanda cha mizinga. Fundi anayekereza ekseli hahitaji kubadilisha taaluma ili akereze pini ya mnyororo wa kifaru, ingawa atahitaji chuma kingine, vipimo vingine na makaratasi mengi zaidi.

Chukua mtutu wa K9, ambao kwa miaka mingi umekuwa kazi ya Hyundai WIA hapo hapo Changwon. Kipenyo chake cha ndani ni milimita 155 na urefu wake ni mara 52 ya kipenyo hicho, yaani zaidi kidogo ya mita 8. Kipande cha chuma maalumu hufuliwa kikiwa cha moto, kikapashwa na kupozwa kwa ratiba kali ili kipate ugumu na unyumbufu kwa pamoja, kisha kikatobolewa kutoka mwisho hadi mwisho. Kekee ikipotoka kidogo njiani, mtutu mzima wa mita 8 ni hasara. Baada ya hapo huchongwa mifereji ya ndani inayolizungusha kombora ili liruke kwa utulivu umbali wa kilomita 40 hivi. Hakuna hatua hata moja katika hizo inayoweza kufundishwa kwa kitabu peke yake. Mfuaji anaijua rangi ya chuma, mpimaji anajua mtutu unavyojikunja kwa uzito wake wenyewe unapolazwa, na maarifa hayo hupita kutoka kwa mtu hadi mtu mahali ambapo watu hao wanaishi na kufanya kazi karibu karibu. Hicho ndicho kitu ambacho jiji linaweza kuwa nacho na wizara haiwezi.

Sasa nije kwenye upande mchungu. Tarehe 23 Novemba 2010 Korea Kaskazini ilikishambulia kwa mizinga kisiwa cha Yeonpyeong, na watu wanne waliuawa, wawili wanamaji na wawili raia. Kisiwani palikuwa na mizinga 6 ya K9, fahari ya tasnia ya ulinzi ya nchi, na mwanzoni ni mitatu tu iliyoweza kujibu. Mmoja ulikuwa umekwama na kombora tangu mazoezi ya awali, na mingine iliharibiwa mifumo yake ya umeme na makombora yaliyoanguka karibu. Wanamaji walijibu kwa ujasiri mkubwa, lakini kwa yeyote anayejali ubora wa kazi ya viwanda, hesabu ile ya mitatu kati ya sita haikupaswa kusahaulika. Siku ya vita, thamani ya silaha nzima huamuliwa na waya, soketi na fyuzi.

Halafu Machi 2014 wakala wa serikali unaosimamia ubora wa vifaa vya ulinzi ulitangaza kwamba ukaguzi wake umebaini kampuni 241 zilizowasilisha vyeti vya majaribio vya kughushi, jumla ya vyeti 2,749, kwa vipuri vilivyoingia jeshini katika miaka iliyotangulia. Vingi vilikuwa vipuri vya kawaida kabisa. Ni rahisi kusema kwamba wenye karakana wale walikuwa wahalifu, na waliovunja sheria walistahili kuwajibishwa. Lakini kampuni 241 haziwi wahalifu kwa bahati mbaya. Mwenye karakana ndogo alibanwa bei na kampuni iliyo juu yake, alitakiwa kupeleka sampuli kwenye maabara kwa gharama yake mwenyewe, na akichelewa alitozwa faini ya kila siku iliyocheleweshwa. Mfumo ulisukuma gharama yote ya uthibitisho hadi kwa aliye dhaifu kuliko wote, kisha ukashangaa kwamba uthibitisho ulikuwa wa karatasi. Naona uchungu kila ninapousoma mkasa huu, kwa sababu tiba yake ilikuwa inajulikana: maabara ya pamoja iliyo karibu, yenye bei ambayo mdogo anaimudu.

Mfano unaofunua zaidi, hata hivyo, ni ule wa sanduku la gia la K2. Kifaru hicho kina uzito wa tani 55 na injini ya nguvu farasi 1,500. Sanduku lake la gia halifanyi kazi ya kubadilisha mwendo tu kama la gari. Ndilo linalokizungusha kifaru kwa kugawa nguvu tofauti kwenye mnyororo wa kushoto na wa kulia, na ndilo linalobeba sehemu kubwa ya kazi ya breki. Ndani yake kuna gia zinazozungukana katika nafasi finyu, zikiwa zimezama kwenye mafuta ya moto, na kila dereva anapokata kona kwa ghafla gia hizo hupokea mshtuko wa tani zote zile. Nchi chache sana zinaweza kuliunda. Vifaru 100 vya kwanza vya Korea vilitumia injini na sanduku la gia kutoka Ujerumani, na kazi ya kuunda la nyumbani ilipewa kampuni ya Changwon ambayo leo inaitwa SNT Dynamics.

Jeshi liliweka sharti la jaribio la uimara la kilomita 9,600 bila hitilafu. Sanduku la gia lilishindwa. Kampuni ililalamika kwamba kipimo kile kilikuwa kikali mno. Jeshi lilijibu kwamba sharti ni sharti. Ratiba ya awamu ya pili ya vifaru ikasimama kwa miaka kadhaa, na viwanda vidogo vilivyokuwa vimenunua mashine kwa kutegemea oda hizo vikakaa bila kazi. Februari 2018 serikali iliamua injini iwe ya Kikorea na sanduku la gia libaki la Kijerumani. Uamuzi huo uliokoa ratiba, lakini ungeweza kuua kabisa maarifa yaliyokwisha kukusanywa. Yaliyoyaokoa yalikuwa mambo mawili ambayo hayakuwa katika mpango wa mtu yeyote. Kwanza, kampuni iliendelea kuboresha kwa kujitutumua. Pili, Uturuki, iliyokuwa imenyimwa vifaa hivyo na Ujerumani, ilihitaji moyo wa kifaru chake cha Altay, na mwaka 2023 ikaingia mkataba wa kununua sanduku hilo la gia kutoka Changwon. Oktoba 2024 serikali ya Korea ikaidhinisha litumike katika awamu ya nne ya K2.

Sitaki kudai kwamba jeshi lilikosea kuwa kali. Askari anayekaa ndani ya chuma hicho ana haki ya kudai kisimwangushe, na baada ya Yeonpyeong na vyeti vya kughushi hakuna mtu angethubutu kulegeza masharti. Kosa lilikuwa kwamba hapakuwa na mahali pa kushindwa kwa bei nafuu. Jaribio la uimara lilikuja huku mkataba wa uzalishaji ukiwa umeshasainiwa na faini za ucheleweshaji zikisubiri mlangoni. Mahali penye ushirikiano wa kweli, kipuri huvunjika mapema, mara nyingi, katika maabara ya jirani, mbele ya askari fundi ambaye anaeleza kwa nini kimevunjika. Na gharama ya kuvunjika huko inakuwa imetengwa tangu mwanzo kwenye bajeti, haimwangukii mtu mmoja.

Ndiyo maana nilifurahi nilipoona kinachofanyika tangu mwaka 2020, wakati Utawala wa Mpango wa Ununuzi wa Ulinzi, chombo cha serikali kuu kilichoundwa mwaka 2006, ulipoteua Changwon na mkoa wake kuwa kongano la kwanza la ubunifu wa ulinzi, yaani mkusanyiko wa viwanda na taasisi za sekta moja mahali pamoja. Daejeon, jiji la watafiti lenye ADD, ilifuata mwaka 2022 ikijikita kwenye droni, na Gumi mwaka 2023 ikijikita kwenye mifumo inayochanganya vifaa vyenye watu ndani na visivyo na watu. Wazo la kongano ni kwamba serikali kuu, mkoa na jiji wanachangia fedha kwa pamoja, na taasisi zilizopo tayari mahali hapo zinapewa kazi mahususi ya kuwahudumia wadogo. Changwon haikuwa na upungufu wa taasisi: Taasisi ya Sayansi ya Nyenzo ya Korea iko hapo, Taasisi ya Utafiti wa Teknolojia ya Umeme iko hapo, Chuo Kikuu cha Taifa cha Changwon kiko hapo, na jirani yake, katika mji wa Jinju, uko ule wakala wa ubora. Kilichokosekana kilikuwa njia ya mwenye karakana ya watu 20 kugonga mlango wa mojawapo ya taasisi hizo akiwa na swali moja, kwa mfano kwa nini mpira wake wa kuzibia mafuta unapasuka kwenye baridi kali, na kupata jibu ndani ya mwezi mmoja.

Watu wa nje hudhani jiji halina la kufanya katika mambo ya ulinzi, kwa kuwa halinunui vifaru wala halipangi vita. Kweli halinunui. Lakini kodi ya jengo la karakana, mashine ya kupimia ambayo hakuna karakana inayoweza kuinunua peke yake, chuo cha ufundi, basi la kumfikisha mwanagenzi kazini, nyumba ya mhandisi kijana na mke wake, hayo yote ni mambo ya jiji. La muhimu zaidi, jiji ndilo mdau pekee mezani ambaye hana faida ya moja kwa moja katika kipuri kuwa cha kampuni hii au ile. Jeshi linataka kipimo, kampuni kubwa inataka bei, mtafiti anataka matokeo ya kuchapisha, na mwenye karakana anataka uhakika wa oda. Anayeweza kuwaita wote wanne kwenye chumba kimoja bila mmoja kuhisi ametegewa ni yule anayefaidika wote wanne wakibaki mjini.

Faida inayovuka sekta, tena, ni kubwa kuliko ile inayotangazwa. Ndege mpya ya kivita ya Korea, KF-21, hutumia injini za F414 ambazo Hanwha Aerospace huziunda Changwon kwa leseni ya General Electric, na nchi inataka siku moja iwe na injini yake. Kikwazo kikubwa ni mapanga ya turbini yanayozunguka ndani ya joto ambalo lingeyeyusha vyuma vya kawaida. Katika jiji hilo hilo Doosan Enerbility imetumia miaka mingi kuunda turbini ya gesi ya kuzalishia umeme, iliyokamilika mwaka 2019, na tatizo lake kuu lilikuwa la aina hiyo hiyo: aloi (mchanganyiko wa metali), namna ya kuisubu, na matundu madogo ya kupitishia hewa ya kupoza. Maarifa ya kituo cha umeme na maarifa ya ndege ya kivita yanakutana kwenye panga moja. Hoja ya O Won-chol ya mwaka 1971 ilikuwa kwamba tasnia ya raia ilishe ya silaha. Sasa mtiririko unakwenda pande zote mbili, na kongano lililopangwa vizuri linapaswa kuuongeza.

Kuna mdau mmoja ambaye simwoni mezani, na kutokuwepo kwake kunanisumbua. Katiba ya Korea Kusini, katika ibara ya 33, inaruhusu sheria kubana au kunyima haki ya wafanyakazi wa viwanda muhimu vya ulinzi ya kuchukua hatua ya pamoja, na sheria ya vyama vya wafanyakazi inawakataza kugoma wale wanaozalisha hasa vifaa vya ulinzi. Eneo la Masan na Changwon lilikuwa miongoni mwa ngome za migomo mikubwa ya mwaka 1987, na Masan ndiko yalikoanzia maandamano ya mwaka 1960 yaliyochangia kumwondoa Rais Syngman Rhee. Watu wa jiji hili si wageni katika kudai haki. Naelewa hoja kwamba nchi iliyo kwenye mapumziko ya vita tangu 1953 haiwezi kuacha kiwanda cha mizinga kifungwe kwa miezi. Lakini mtu aliyenyimwa njia ya kugoma anastahili njia nyingine yenye nguvu ya kusikilizwa, na kongano la ubunifu linalomwita mkurugenzi, profesa na kanali, likamwacha nje fundi wa zamu ya usiku, linajinyima taarifa inayohitajika kuliko zote. Fundi huyo ndiye wa kwanza kujua kwamba bolti za shehena mpya zinajikaza tofauti.

Tena siwezi kuandika juu ya silaha kama ninayeandika juu ya majokofu. Mzinga wa T-155 Fırtına, ambao Uturuki huuzalisha kwa teknolojia ya K9 kwa makubaliano ya mwaka 2001, umetumika katika operesheni za kaskazini mwa Syria. Korea ina utaratibu wa vibali vya kuuza silaha nje, na vibali hivyo hutolewa na chombo kile kile chenye jukumu la kukuza mauzo hayo. Naona huo ni udhaifu. Jiji linalojivunia kushirikisha sekta zote lina nafasi ya kuiomba serikali kuu itenganishe kazi hizo mbili, na kuvipa vyuo vyake vikuu jukumu la kufuatilia silaha zilizotoka hapo zinaishia wapi. Jambo hili halipunguzi haki ya Wakorea kujilinda, ambayo kwangu haina shaka; linaongeza heshima ya wale wanaoziunda.

Umahiri wenyewe, kwa sasa, unahamahama. India iliunda mizinga 100 ya K9 Vajra katika kiwanda cha Larsen & Toubro huko Hazira kwa mkataba wa mwaka 2017. Hanwha ilifungua kiwanda karibu na Geelong, Australia, mwaka 2024. Agosti 2025 Poland ilisaini mkataba wa pili wa vifaru 180 vya K2, wenye thamani ya takriban dola bilioni 6.5 za Marekani, na baadhi yake vitaundwa Gliwice, ndani ya Poland. Kila mnunuzi mkubwa sasa anadai kiwanda nchini kwake, na ana haki ya kudai, kwa kuwa Korea nayo ilidai vivyo hivyo ilipokuwa ikinunua kutoka Marekani. Kampuni kubwa haziumii kwa mtindo huu, maana nembo yao inabaki ile ile iwe Gliwice au Changwon. Jiji ndilo linaloweza kuumia, na tayari linapungua: mwishoni mwa mwaka 2024 idadi ya wakazi wake waliosajiliwa ilishuka chini ya milioni 1, huku vijana wengi wakielekea Seoul.

Kitakachobaki Changwon ni kile kisichohamishika kwa urahisi, yaani gia, aloi, mitutu, injini ya nguvu farasi 1,000 ambayo STX Engine iliiunda kwa ajili ya K9 za Misri ili leseni za Ujerumani zisiwe kizuizi tena, na maelfu ya vipuri vidogo vitakavyohitajika kwa miaka 30 au 40 ambayo kifaru hutumika kabla ya kustaafishwa. Kwa sababu hiyo ningependa kuona mikataba ya kongano ikiandika mambo ambayo hadi sasa huachwa kwa nia njema: sehemu ya fedha za kila mradi itengwe kwa ajili ya majaribio yatakayoshindwa, faini ya ucheleweshaji isimfikie mtengenezaji mdogo wakati wa utafiti, na karakana iliyothibitishwa iruhusiwe kuiuzia Gliwice au Geelong kipuri chake moja kwa moja, kwa jina lake.